Kitanda cha Mfumi, Injini ya Gesi na Betri ya Simu

Kabla jina la Toyota halijabandikwa kwenye gari, Sakichi Toyoda alikuwa akiunda mitambo ya kufuma nguo. Kabla Karl Benz hajaunda gari lake la magurudumu matatu, riziki yake ilitokana na injini za gesi zilizofungwa chini viwandani, zikizungusha mashine za watu wengine. Na kabla Wang Chuanfu hajauza hata gari moja, alikuwa akiwauzia Motorola na Nokia betri za simu za mkononi.

Habari hizi tatu nilizisoma kwa nyakati tofauti, na kwa muda mrefu nilizichukulia kuwa visa vya pembeni tu. Sasa naona ndizo kiini cha jambo. Watu wanaojadili kupanda kwa magari ya umeme ya China huanza na ruzuku ya serikali, au na bei, au na ugomvi wa Beijing na Washington. Yote hayo yapo, nami nitayafikia. Lakini gari hubeba lafudhi ya nyumba lilikozaliwa, kama mtu aliyekulia Pemba anavyobaki na Kipemba chake hata akiishi Mwanza miaka arobaini. Gari la Kijerumani lina lafudhi ya injini, la Kijapani lina lafudhi ya kitanda cha mfumi, la Kichina lina lafudhi ya betri. Ukizisikiliza vizuri, unaelewa kwa nini mafundi bora kabisa wa dunia waliachwa nyuma na mtu aliyekuja kwenye kazi yao mwaka 2003 bila kujua kutengeneza hata mlango.

Nianze Ujerumani. Benz alipata hataza namba 37435 kwa ombi la tarehe 29 Januari 1886, lakini aliyethibitisha kwamba kile chombo ni gari la kusafiria ni mkewe. Agosti 1888 Bertha Benz aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim bila kumuaga mumewe, akaelekea kwa mama yake Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kituo cha mafuta hakikuwepo. Mafuta yalipopungua aliingia duka la dawa la mji wa Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika ambacho watu walikitumia kutolea madoa kwenye nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipoanza kulika, akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi.

Ninaposikia mtu akiuliza gari la umeme litachajiwa wapi, namkumbuka mama huyu amesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa. Swali ni halali kabisa. Ila petroli nayo iliulizwa swali hilohilo.

Kwa miaka 130 iliyofuata, kazi ya Wajerumani ilikuwa kuufuga moto. Mafuta huwaka ndani ya silinda mara elfu na zaidi kwa dakika, na uhandisi wa Stuttgart, Munich na Wolfsburg ulikuwa sanaa ya kumfanya dereva asiusikie moto huo, au ausikie pale tu anapopenda. Pistoni, vali, nozeli, gia boksi: vyuma vinavyosuguana kwa kasi ya ajabu bila kulana. Anayeidharau kazi hii hajawahi kushika usukani wa Mercedes ya miaka ya 80 iliyokwisha kutembea kilomita laki tano, ikapanda mlima bila kukohoa. Huko wakuu wa kampuni mara nyingi walikuwa wahandisi waliolelewa na injini. Waliijua, waliipenda, na heshima yao yote waliiweka humo.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen imeweka kwenye magari yake ya dizeli programu inayotambua kuwa gari liko kwenye kipimo cha moshi. Wakati wa kipimo gari lilijisafisha, likirudi barabarani linarudia uchafu wake. Kampuni ilikiri, na magari yaliyohusika yalikuwa yapata milioni 11 duniani. Wengi walisema ni tamaa ya pesa. Mimi naona pia huzuni ndani yake: watu walioijua injini kuliko binadamu yeyote waliona afadhali kudanganya kipimo kuliko kukubali kwamba injini ile imefika mwisho wa uwezo wake.

Jadi ya Japani ni nyingine. Kitanda cha Sakichi Toyoda cha mwaka 1924 kilisifika kwa jambo dogo sana: uzi mmoja ukikatika, kilijisimamisha chenyewe. Mfumi hakuhitaji kukikodolea macho kutwa akihofia mita kumi za nguo mbovu, na mtu mmoja aliweza kuangalia vitanda vingi. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kukitengeneza, na mwana wa Sakichi, Kiichiro, akaigeuza familia ikaelekea kwenye magari. Kampuni ya magari ilisajiliwa mwaka 1937.

Ule uzi uliokatika haukusahaulika. Baada ya vita, Taiichi Ohno wa Toyota aliuhamishia kwenye kiwanda cha magari: mfanyakazi yeyote akiona kasoro, anavuta kamba, na msururu mzima unaweza kusimama mpaka kasoro itengenezwe palepale. Vipuri vinaletwa pale vinapohitajika, havirundikwi ghalani. Na kila siku kitu kidogo kinaboreshwa, ndiyo kaizen. Hakuna shujaa katika jadi hii. Kuna mikono maelfu inayopunguza makosa taratibu hadi yanakaribia kwisha.

Matunda yake sisi wa Afrika Mashariki tunayajua kuliko walioyapanda. Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004. Lilizeekea Japani kwa mtu wa kwanza, likapita kwa mtu wa pili Dar es Salaam, likafika kwangu. Fundi wangu wa Ilala ana namna yake ya kulipima: anashika bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye chuma cha injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Siku moja nilimpelekea gari likiwa linalia nikidhani injini imekufa. Alisikiliza sehemu tatu, akatabasamu. "Kaka, injini haina shida. Beringi ya oltaneta ndiyo inakulilia." Saa moja baadaye nilikuwa barabarani, na spea niliinunua hatua mia moja kutoka pale aliposimama.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza katika kulinganisha jadi hizi. Wanaoandika sifa za magari Ulaya na Marekani huandika kwa ajili ya mmiliki wa kwanza, yule anayelikuta gari likinuka upya. Mimi nauliza habari za mmiliki wa tatu. Gari linampa nini mtu aliyelinunua likiwa na miaka minane au kumi, hana dhamana ya kiwanda, na msaada wake ni fundi mwenye bisibisi? Kwa kipimo hicho, Japani ya karne iliyopita haijapata mpinzani. Waliunda magari kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kuwafikiria.

Jambo linalonishangaza ni kwamba Wajapani ndio waliokuwa karibu zaidi na mlango wa umeme. Sony ndiyo iliyoingiza betri ya lithiamu-ioni sokoni mwaka 1991. Toyota ilizindua Prius Desemba 1997, gari lenye injini na mota pamoja. Nissan ilianza kuuza Leaf, gari la umeme tupu la watu wa kawaida, mwaka 2010. Walikuwa na ufunguo mkononi. Hawakuugeuza, na sababu iko ndani ya wema wao wenyewe. Kaizen huboresha kilichopo. Haijui kukitupa. Kuizunguka Toyota kuna kampuni maelfu zilizokua nayo, hii ikitengeneza pistoni, ile ekzosi, nyingine pampu ya mafuta. Akio Toyoda, akiwa mwenyekiti wa chama cha watengenezaji magari wa Japani, alionya hadharani kwamba sekta hiyo imebeba ajira za watu wapatao milioni 5.5, na kwamba kukimbilia umeme pekee kungeziangamiza nyingi. Sioni kosa kwa kiongozi anayewahurumia watu wake. Naona tu kwamba huruma hiyo ilikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa kwa muda.

Nimefika Shenzhen.

Wang Chuanfu alizaliwa mwaka 1966 mkoani Anhui, akafiwa na wazazi akiwa kijana, akasomeshwa na ndugu zake. Alisomea kemia ya metali. Mwaka 1995 alikopa fedha kwa binamu yake akaanzisha BYD hapo Shenzhen, na shabaha yake ilikuwa soko la betri lililokuwa mikononi mwa Wajapani. Mashine zao hakuweza kuzinunua. Akafanya jambo ambalo mhandisi wa Kijapani angelikataa: aliikatakata kazi ya mashine kuwa vipande vidogo, kila kipande akampa mtu, na mtu huyo akampa kifaa rahisi cha kumwongoza mkono. Sanyo na Sony walimshitaki kuhusu hataza, na hawakumwangusha. Ndani ya miaka michache alikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa betri za simu duniani.

Mwaka 2003 alinunua kiwanda kidogo cha magari kilichokuwa hoi, Qinchuan cha Xi'an. Wawekezaji walikasirika na hisa zikaporomoka. Gari lake lililouzika kwanza, F3, lilifanana na Corolla kiasi cha kumchanganya mpita njia, na injini yake ilikuwa ya Mitsubishi. Kwa jicho la Stuttgart au Toyota City hapakuwa na cha kuogopa. Aliyeona kitu ni kampuni ya Warren Buffett, iliyotoa dola milioni 230 mwaka 2008 ikachukua karibu asilimia kumi.

Kuna mtu mwingine ambaye bila yeye habari hii haikamiliki, na ndiye daraja kati ya jadi mbili. Wan Gang alisomea udaktari wake Clausthal, Ujerumani, akafanya kazi Audi kwa karibu miaka kumi. Alizijua injini za Wajerumani kutoka ndani ya jiko lao. Aliporudi China mwaka 2000 alikuwa na hoja moja: kwenye injini hatutawafikia, wametutangulia kwa miaka mia, tuhamie kwenye mbio ambazo kila mtu anaanzia sifuri. Mwaka 2007 akawa waziri wa sayansi na teknolojia, ingawa hakuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti. Mwaka 2009 serikali ilianza kutoa ruzuku kwa magari ya umeme ya miji, mabasi na teksi, kisha ya watu binafsi. Shanghai, namba ya gari la petroli ilinunuliwa kwa mnada kwa bei inayotosha kununua gari dogo, ilhali gari la umeme lilipewa namba bure. Kufikia mwisho wa 2017 mabasi yote ya mji wa Shenzhen, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme.

Basi ruzuku ilikuwepo, tena kubwa, na anayeikana anapoteza muda. Lakini ruzuku peke yake haielezi. Marekani nayo ilitoa fedha za umma kwa A123, kampuni ya Massachusetts iliyotengeneza betri za kemia ileile ambayo leo ndiyo nguzo ya BYD, chuma na fosfati. Ilifilisika mwaka 2012, ikanunuliwa na Wachina wa Wanxiang. Kemia yenyewe ilitoka maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 90. Ilikuwa salama na rahisi, ila iliweka nguvu kidogo kwa kila kilo, na kwa hiyo kampuni nyingi za magari ziliiona ni kemia ya maskini.

Wang hakuibadilisha kemia. Alibadilisha umbo. Machi 2020 BYD ilionyesha betri waliyoiita Blade, na hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Seli moja ina urefu wa sentimita 96, kimo cha sentimita 9, unene wa milimita 13.5: ubao mwembamba wenye urefu wa hatua ya mtu mzima. Betri za magari mengine hupangwa seli ndani ya vikasha, vikasha ndani ya sanduku, na nafasi nyingi hupotelea kwenye kuta za vikasha. Hapa vikasha vimeondolewa. Mbao zile zinalazwa bega kwa bega kutoka ubavu mmoja wa gari hadi wa pili, zinagandishwa, na zenyewe zinakuwa sehemu ya mifupa ya sakafu. Aliyewahi kulala katika nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja akitazama dari ataelewa upesi: ni boriti. Zinabeba na zinajaza kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo kemia ya maskini ikaweza kusafiri mbali. Kampuni ilipigilia msumari katikati ya seli mbele ya kamera, na haikutoa moshi wala moto.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Machi 2022 BYD iliacha kutengeneza magari ya petroli tupu. Mwaka 2023 jina lake liliipita Volkswagen kwa mauzo ndani ya China, nafasi ambayo Wajerumani walikuwa wameikalia kwa miaka mingi. Mwaka 2024 iliuza magari milioni 4.27, sehemu kubwa yakiwa yenye mota na injini pamoja na mengine ya umeme tupu. Julai 2024, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya magari madogo yaliyouzwa rejareja China yalikuwa ya kuchajiwa. CATL ya Ningde, iliyoanzishwa mwaka 2011, inatengeneza betri nyingi kuliko kampuni yoyote duniani.

Anayetafuta babu wa BYD asimtafute Toyota. Amtafute Henry Ford. Toyota huzungukwa na wauzaji wa vipuri na kuwalea. BYD hutengeneza karibu kila kitu yenyewe, seli, mota, chipu za kudhibiti umeme, hata ina meli zake za kubebea magari. Kiwanda cha Ford cha River Rouge kilikuwa hivyo: udongo wa chuma uliingia upande mmoja, gari likatoka upande wa pili, na mzee Ford alimiliki migodi, meli na hata shamba la mpira Amazoni. Amerika ndiyo iliyobuni mtindo huo na ndiyo iliyouacha. Na ikatokea kwamba Ford ilipofunga kiwanda chake cha Camaçari, Brazili, mwaka 2021, aliyekuja kukalia eneo hilo ni BYD.

Huko Camaçari pia ndiko jadi hii ilikoonyesha upande wake mchungu. Desemba 2024 wakaguzi wa kazi wa Brazili walitangaza kuwakuta Wachina 163 waliokuwa wakijenga kiwanda hicho chini ya mkandarasi, wakiishi katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo inaifananisha na utumwa. Mkandarasi alikana; BYD ilivunja mkataba naye. Sisemi kwamba kila gari la Kichina lina machozi ndani yake. Nasema kwamba kampuni iliyoanza kwa kumgeuza mtu kuwa badala ya mashine inapaswa kuangaliwa kwa makini zaidi katika jambo hili.

Ndani ya China yenyewe wana neno, neijuan: watu wanaoshindana kwa nguvu zote wakazama pamoja bila yeyote kusonga mbele. Vita vya bei vilivyopamba moto mwaka 2023 vimewakausha wauzaji wa vipuri, waliokuwa wakisubiri malipo kwa miezi, hadi Juni 2025 kampuni kubwa zikaahidi kulipa ndani ya siku 60. Nyingine zimekufa. WM Motor, iliyowahi kuwa miongoni mwa zilizotarajiwa sana, iliomba ulinzi wa mahakama mwaka 2023, na wenye magari yake walilalamika kwamba huduma zilizotegemea mitambo ya kampuni zimeacha kufanya kazi. Fikiria hilo kwa kipimo cha mmiliki wa tatu. IST yangu haijui kama Toyota iko hai au imekufa.

Wakongwe hawajakaa kimya. Marekani ilipandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100 mwaka 2024. Umoja wa Ulaya, Oktoba mwaka huohuo, uliongeza juu ya asilimia 10 ya kawaida asilimia 17 kwa BYD na 35.3 kwa kampuni nyingine ya Kichina, SAIC. Ushuru hununua muda, haununui ujuzi, na kampuni zenyewe zinajua hivyo. Mwaka 1984 Volkswagen ilitia saini mkataba wa kwenda Shanghai kuwafundisha Wachina kuunda Santana. Mwaka 2023 ilitangaza kulipa karibu dola milioni 700 kwa asilimia tano hivi ya kampuni ya Kichina ya XPeng, ili ijifunze kwao namna ya kuunda gari la umeme haraka. Toyota inauza China gari la bZ3 lenye betri za BYD. Na Desemba 2024 Volkswagen ilikubaliana na wafanyakazi wake kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 Ujerumani kufikia 2030. Hata hivyo asidhani mtu kwamba mchezo umekwisha: mwaka 2024 Toyota ndiyo bado iliyouza magari mengi kuliko kampuni yoyote duniani, na mengi yaliyoipa nguvu yalikuwa watoto na wajukuu wa Prius ile ya 1997.

Ulinganisho huu una sehemu ambayo inazungumza Kiswahili. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, ambako mchimbaji wa Kolwezi huamkiana na mwenzake kwa Kiswahili kabla hajashuka shimoni. Betri za magari ya Ulaya na Amerika zilimtegemea. Migodi mingi mikubwa, ikiwemo Tenke Fungurume, iko chini ya kampuni za Kichina. Lakini boriti za Shenzhen hazina kobalti hata chembe. Kila gari linaloingia barabarani na kemia ya chuma na fosfati ni gari lisilohitaji jasho la Kolwezi. Kwa anayechukia kuona watoto mashimoni, hiyo ni habari njema. Kwa baba anayelisha familia kwa gunia la mawe, ni bei inayoporomoka bila mtu kumweleza sababu. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na Oktoba ikaweka viwango vya mauzo. Uamuzi wa mkemia mmoja ulifika kijijini kuliko sera yoyote.

Na sasa magari yenyewe yanatufikia. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza kuleta mabasi ya BYD mwaka 2022, mwenye basi akilipia betri na chaji kwa kila kilomita anayotembea. Ethiopia imepiga marufuku kuingiza magari madogo ya petroli tangu 2024. Kenya inachota sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hiyo gari la umeme pale ni safi kweli, kuliko linalochajiwa na makaa ya mawe kwingineko. Mimi natamani litufikie. Tunatumia fedha nyingi za kigeni kununua mafuta tusiyoyachimba.

Lakini nilikuwepo Ilala siku mteja alipoleta gari la Kichina la umeme lililozima skrini. Fundi alifungua boneti. Akatafuta pa kuweka bisibisi yake. Akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, zile zinazobeba umeme wa mamia ya volti, akarudi nyuma hatua moja. "Hapa sitii mkono, kaka. Hili halina sauti ya kuniambia linaumwa wapi." Hakuwa na aibu, nami nilimheshimu kwa kusema vile. Huyuhuyu ndiye hufungua betri ya Prius: ndani kuna vipande 28 vilivyopangwa na kubanwa kwa bolti, anapima kimoja kimoja, anatoa vilivyokufa, anatia vizima, gari linarudi kazini. Wajapani waliacha mlango wazi, pengine bila kukusudia. Boriti zilizogandishwa hazina mlango wa namna hiyo. Na yeyote aliyewahi kukarabati nyumba ya mawe anajua gharama ya kubadilisha boriti moja iliyokwisha kubeba dari.

Tuhesabu miaka. Dhamana ya betri ambayo kampuni nyingi hutoa ni miaka minane. Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye umri unaozidi miaka minane. Maana yake, gari la umeme lililotumika linaweza kushushwa Mombasa katika mwaka uleule ambao dhamana yake inakwisha, na dhamana yenyewe mara nyingi haivuki bahari. Mmiliki wa tatu atalipokea pale mtengenezaji anapoliaga.

Hukumu yangu ni hii. Katika sanaa ya kuunda gari, Wachina wameshinda, na wameshinda kwa haki kuliko wanavyosema washindani wao. Katika sanaa ya kuliunda gari lizeeke mikononi mwa mtu asiye na uwezo mkubwa, bado hawajapimwa, kwa sababu gari la kwanza kubeba Blade, BYD Han, lilitoka mwaka 2020 tu. Kipimo hicho hakitafanyika Shenzhen wala Wolfsburg. Kitafanyika Ilala, Kampala, Goma na Lubumbashi. Vyuo vyetu vya ufundi vianze kufundisha betri za volti kubwa sasa, kabla makontena hayajafunguliwa, na mamlaka za viwango zidai miongozo ya matengenezo kama zinavyodai vipimo vya breki. Nawe msomaji, ukiletewa gari la umeme lililotumika, likiwa zuri, kimya, na bei yake inakuvuta, mwambie muuzaji akutajie fundi atakayeifungua betri yake. Akishindwa kumtaja, usitoe pesa.